Jino la Juu

Mwanangu Nathanaeli alicheka pale pale mapokezini, nami nikamziba mdomo kwa pindo la kanga kabla mtu hajaona. Alidhani ni mchezo. Akaishika kanga, akaishusha, akacheka tena kwa sauti, na lile jino lake moja, jeupe kama punje ya mchele, likang'aa katika ufizi wa juu.

"Muache apumue, mwanangu," alisema mama aliyekuwa nyuma ya kaunta. "Hapa mtoto halipii kucheka."

Huyo alikuwa Mwanamkasi, mwanamke wa Pangani, mnene, mwenye kipini puani, aliyeachiwa kuiangalia hoteli ile Mgiriki mwenye nayo alipofunga virago. Alitazama miguu yangu yenye vumbi jekundu la mlimani, akatazama kikapu, akamtazama mtoto. Kinywa hakukitazama. Nilingoja akitazame, hakukitazama, na hapo nikajua kwamba nimefika.

Hoteli ilikuwa mkabala na stesheni ya Same, katikati ya mji wa zamani, mahali ambapo maduka ya Wahindi yameegemeana kama ng'ombe wakati wa jua kali. Mjerumani aliijenga, Mwingereza akaipaka rangi, Mgiriki akauzia bia humo, na baada ya Uhuru ikawa yetu sote, ingawa wengi wetu bado tulipita ng'ambo ya barabara kwa mazoea. Ukumbini palikuwa na mraba mweupe ukutani, pale ilipotundikwa picha ya malkia.

"Zamani mbwa wa mabwana alilala humu ndani, mimi nikalala kule bandani pamoja na kuni," Mwanamkasi aliniambia akifungua chumba. "Sasa mbwa kafa, mabwana wamekwenda, na funguo ninazo mimi. Jinafasi. Ukitaka, lala na viatu."

Sikuwa na viatu.

Kitanda kilikuwa cha chuma, kirefu kwenda juu hata nikaogopa mtoto ataanguka, nikashusha godoro sakafuni. Bafuni mlikuwa na beseni la kuogea lenye miguu ya simba. Nathanaeli alitambaa mpaka kwenye mguu mmoja, akajaribu kuutafuna.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini binti wa mkulima wa tangawizi alikwenda kulala hotelini, tena hoteli ya namna ile, wakati Same imejaa watu wa kwao. Ndiyo sababu yenyewe. Nyumba yoyote ya Mpare pale mjini ningekaribishwa, ningepikiwa makande, na kabla makande hayajaiva mwenye nyumba angempakata mtoto, angemchekesha, angemwona kinywa. Jioni ile ile habari ingekuwa imepanda mlima. Hotelini unaandikwa jina, unapewa ufunguo, basi.

Kwetu, mtoto akiota jino la juu kabla ya la chini huitwa kigego. Wazee walisema kila jino litakalofuata litaondoka na mtu wa ukoo. Zamani palikuwa na jabali ambako watoto hao walipelekwa, wasirudi. Sisi tulizaliwa Walutheri. Habari za jabali tulizisikia kama mtu anavyosikia vita vya nchi za mbali, na mimi nilidhani vita hivyo vimekwisha.

Katika ukoo wa mume wangu ilikuwa desturi jino la kwanza litafutwe na bibi mzaa baba. Siku hiyo Mama Aminieli, mama mkwe wangu, alikuja amevaa gauni la kanisani. Akachovya kidole katika asali, akampapasa mjukuu wake ufizi wa chini, taratibu, huku akimwimbia. Kidole kikapanda juu. Kikasimama. Nami nilikuwa nimejaza hewa kifuani, tayari kupiga vigelegele naye.

Alitoa kidole, akakifuta kwenye gauni lile jeupe, akainuka.

"Maharage yanaungua," alisema.

Maharage yalikuwa hayajachemka.

Hakumgusa tena mtoto yule. Juma lilipokwisha alikuja na neno lake, akaliweka mbele yangu kwa upole, kama anayetenga chakula. Kule bondeni, Maore, kuna mtu na mkewe, manamba waliotoka Kigoma kukata mkonge. Hawakujaliwa mtoto, na kwao meno hayasemi kitu.

"Atakula, atakua, na ukoo utasalimika," alisema. "Wewe bado kijana. Utazaa mwingine."

"Mama, kwenye masomo ya jioni nesi alitufundisha kwamba jino huota popote linapotaka."

"Masomo ya jioni!" Alipiga kofi moja. "Koroboi moja, wanawake kumi, na sasa hata jino limepata hiari yake! Walikufundisha na namna ya kuwazika wanangu?"

Nikamtumia mume wangu salamu. Aminieli alikuwa kuli bandarini Tanga, na dereva wa lori la mbao aliahidi kumfikishia: apande treni, ashuke Same, atutoe. Mimi na mtoto tutakuwa hoteli ya mbele ya stesheni. Kesho yake kabla ya jua kuchomoza niliteremka mlima juu ya mbao, mtoto mgongoni, nimemfunika gubigubi.

Basi nikawa mtu wa dirishani. Treni ya kutoka Tanga ilipoingia nilimtafuta Aminieli kati ya kofia, kati ya magunia, kati ya migongo. Nilijua namna anavyobeba bega moja juu. Watu walishuka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Treni ikavuta kwenda Moshi, na relini wakabaki mbuzi. Nyingine ikaja. Ikapita.

Matumaini ninayo kwa asili. Mama yangu alikuwa akisema ningeweza kuanika nguo mvua ikinyesha. Lakini mle chumbani yalinitoka, kama maji yanavyolitoka beseni ukizibua: mwanzo huoni, halafu unasikia sauti. Kila asubuhi nilimpapasa mwanangu ufizi wa chini, nikimwomba Mungu jino ambalo hata lingekuja lingekuwa limechelewa. Na adhuhuri moja nikamwomba Mwanamkasi koleo.

"La nini?"

"Mlango unakwama."

Alilileta. Hakuniuliza mlango upi. Alisimama akanitazama nimelishika mkononi, akamtazama Nathanaeli amelala kinywa wazi kwa joto, kisha akanichomoa lile koleo vidoleni, akalitia kibindoni mwake.

"Mlango huu utafunguka wenyewe," alisema. "Hebu kaoge. Maji hayo hayakumkataa Mgiriki, na jasho lake nalijua mimi."

Nilicheka. Halafu nililia mle ndani ya beseni mpaka maji yakapoa.

Ndiyo siku aliyokuja. Mimi macho yangu yalikuwa stesheni. Yeye akaingia kwa mlango wa jikoni, upande wa mlima. Nilipogeuka, Mama Aminieli alikuwa amesimama kizingitini na mwavuli wake, anapumua kwa shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakitazama kile kitanda. "Kumbe Wazungu walikuwa wanalala juu hivi. Hawakuogopa kuanguka?"

Nikamnyakua mtoto sakafuni. "Nani amekwambia niko hapa?"

"Mume wako. Dereva uliyemtuma alirudi kwangu na majibu. Aminieli anasema nifanye nionavyo mimi."

Nilimchukia Aminieli kwa miaka. Sasa tuna binti, na chuki nayo huchoka. Lakini saa ile nilikaa tu juu ya godoro, mtoto mikononi.

"Wale watu wa Maore wako sokoni," aliendelea. "Mwanamke amemshonea koti. Amelishona vizuri."

"Sitoi."

"Binti..."

"Sitoi, mama! Niueni kwanza mimi."

Hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa chuma cha kitanda kisicho na godoro, mwavuli magotini, na alipozungumza alikuwa akiusemesha ukuta.

"Kabla ya Aminieli nilikuwa na mwingine. Wa kike. Tulikuwa hatujabatizwa, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Walikuja wanawake watatu, mmoja mama mkwe wangu. Hawakunipiga. Walinipa uji, wakaniambia ninywe nisiangalie mlangoni. Nikanywa. Uji wenyewe ulikuwa na chumvi nyingi."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nathanaeli alikuwa akinivuta sikio.

"Wewe unaniona katili," alisema. "Lakini Maore kuna jua, kuna maziwa. Mimi nilichukuliwa mwanangu bila kuambiwa anakwenda kwa nani. Wako nimemtafutia mama."

"Mama anaye."

Honi ya treni ikasikika kutoka upande wa Makanya.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Moshi," nikasema. "Kwa dada yangu Yudith." Nilikuwa sijawahi kulifikiri jambo hilo mpaka nilipolisikia kinywani mwangu.

Alisugua mpini wa mwavuli kwa kidole gumba. "Na wale wa sokoni niwaambie nini?"

Nikaanza kukunja nguo za mtoto kikapuni.

"Nitawaambia chumba nimekikuta kitupu," alisema hatimaye. "Ila usimrudishe mlimani nikiwa hai. Sina nguvu za kumtazama kila siku nikingoja nani atafuata."

Mwanamkasi, aliyekuwa ukumbini akijifanya anafuta meza, alichukua kikapu changu bila kuulizwa. Tulivuka barabara wote, wanawake watatu na mtoto, kwa mwendo wa watu wasiotaka kuonekana wana haraka. Treni ilikuwa imekwisha kusimama. Ngazi za behewa zilikuwa juu, na mimi nilikuwa na kanga mbili na mtoto.

"Nipe," alisema Mama Aminieli. "Panda kwanza."

Nilimpa. Nilikwisha kukanyaga ngazi ya pili ndipo nikaelewa nilichofanya.

Nilipogeuka kunyoosha mikono, alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa. Alikuwa amemkumbatia Nathanaeli kifuani kwa mikono yote miwili, uso ameuzamisha shingoni mwake, amefumba macho. Mwavuli ulikuwa umeanguka. Alikuwa akiyumba taratibu, na bega lake moja lilikuwa limeelekea soko.

"Mama."

Filimbi ikalia. Mabehewa yakagongana, moja baada ya jingine, mpaka mtikisiko ukafika miguuni mwangu.

"Mama, nipe. Mama, tafadhali!"

Sikujua kama anamuaga au anamchukua. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Treni ilikuwa imeanza kusogea alipokuja mbio, mwanamke mzima wa kanisa, kanga ikiburuzika chini, akamwinua mtoto juu kwangu kama watu wanavyopandisha mzigo kwenye lori. Nikamdaka kwapani. Lakini yeye hakumwachia. Alikimbia hivyo kando ya behewa, vidole vyake vimejifunga kwenye mapaja ya mtoto, na mtoto analia kati yetu. Ikanibidi nimvute kwa nguvu zangu zote, kama anayemnyang'anya mwizi.

Nilipopata pumzi nikachungulia nje. Bado alikuwa amenyoosha mikono, na Mwanamkasi amemkamata kiuno kwa nyuma, asije akaanguka relini.