Tatizo Linalojulikana

Saa nne asubuhi mjane aliweka gemu ya mkononi ya marehemu mumewe juu ya kaunta ya fundi. Ilikuwa aina ile ya zamani yenye vitufe vinne, na siku hizi ilikuwa ikizima katikati ya mchezo. Fundi alisema dawa yake ni mfumo mpya. Akatoa kadi, akanakili michezo yote kwenye kompyuta.

"Mzee alifika hatua ya tisa. Sitaipoteza," alisema fundi.

"Ukiipoteza, mimi na wewe hapatoshi."

Fundi huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: habonyezi "Nakubali" kabla ya kumsomea mwenye mali maelezo yote, neno kwa neno. Wateja walimwita Bwana Vifungu. Mjane akavuta stuli.

"Sauti haikwaruzi tena," alisoma fundi. "Betri inadumu zaidi. Tatizo linalojulikana, bado halijarekebishwa: mlango wa nyuma wa chumba cha ushonaji hufungwa kwa kufuli kutoka nje. Marehemu aligonga dakika kumi na moja. Hakufa kwa moyo. Mwisho wa maelezo."

"Rudia hapo kwenye mlango."

Alirudia. Moshi mwembamba ulianza kutoka kwenye vitundu vya spika, ukinuka kitambaa kilichoungua, na fundi akafungua dirisha. Ndani ya gemu mtu alikuwa akigonga.

Kugonga hakukumshtua mjane. Mumewe hakuwahi kuwa mtu wa kunyamaza. Kilichomkata maini ni ile karatasi yenye mhuri ya kiwanda cha nguo alikofia mumewe, iliyosema moyo ulisimama. Aliisaini, akashukuru. Miaka miwili amejilaumu kwa chumvi aliyokuwa akimtilia kwenye mchuzi.

Akampigia binti yake, aliyepewa cherehani ya baba yake katika chumba kilekile.

"Mlango wa nyuma umefungwa?"

"Shikamoo mama. Umefungwa, kama siku zote."

"Toka humo, mwanangu. Sasa hivi!"

"Nipitie wapi? Na wa mbele unafunguliwa saa kumi na moja."

Mjane alichukua gemu, mfumo ukiwa umeshaingia, akaenda nayo kiwandani. Msimamizi alimkaribisha kiti, akaisogeza gemu sikioni.

"Ndiye yeye," alisema. "Hata hapa hutugongea, hasa Jumatatu. Tumeshaandika kwenye faili."

"Basi fungua mlango."

"Nikifungua, mama, watu watatoka na vitambaa."

Alisema kwa upole, hata akamsindikiza hadi nje. Mjane alizunguka jengo, akakaa chini upande wenye kufuli, mgongo kwenye mabati, akisikiliza cherehani zikikimbia. Alikaa hapo hadi zamu ilipokwisha. Kesho yake saa moja asubuhi binti aliingia kazini, na mama akazunguka tena nyuma, safari hii na nyundo. Mlinzi akamnyang'anya nyundo, akamletea kiti.