Mkono Uliobaki Begani

Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, baada ya kunywa uji wake wa mahindi, Eleuterio, mpiga picha za pasipoti pale Milpa Alta, alijipaka uso rangi nyekundu na manjano, akajivika shada la maua ya wafu, akawa Xochipilli, mungu wa maua. Zamani nyanya yake alimwambia huyo ndiye mlinzi wa wanaume wanaopenda wanaume. Akakaa kwenye kigoda, akajipiga picha kwa kuvuta uzi wa kamera aliofunga kwenye kidole cha mguu.

Picha ilitoka vizuri, ila mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo. Aliutazama mkono wenyewe. Ndio ulioishika hiyo picha. Akaitundika ikauke.

Alijua ulikokuwa. Nazario, aliyeishi naye miaka kumi na mmoja, alifariki Aprili, na Hermila, mama wa Nazario, akamzuia Eleuterio asifike mazikoni. Sasa Siku ya Wafu imekaribia, na marehemu harudi nyumbani kula kama picha yake haiko kwenye meza ya sadaka. Hermila alikuwa na picha moja tu nzuri, ya hao wawili. Akachukua mkasi akamkata Eleuterio. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa begani kwa Nazario, na mama gani atamkata mwanawe bega? Akauacha.

Tarehe mbili Novemba, saa nne asubuhi, Hermila aliingia dukani kwa Eleuterio, aproni imejaa madoa ya mchuzi wa pilipili.

"We mpiga picha, njoo uchukue mkono wako. Umetoka pichani, umemega mkate wote, unamlisha Nazario kama mtoto."

"Anakula?"

"Anakula. Mimi nikimpa, anabakiza."

"Basi uache."

"Wageni wanauliza wa nani."

"Waambie wa mkweo."

Hermila alikwenda zake, akawaambia ni wa binamu fulani wa Puebla. Wageni wakaridhika, wakawa wanauomba uwapitishie chumvi.

Mchana ule Eleuterio aliikuza picha ikawa kubwa kama mlango, akaitundika barabarani, kwenye njia ya makaburini: kidevu juu, maua kichwani, kifundo kitupu. Chini akaandika, MKONO UKO KWA MAMA MKWE.

Hermila alipita, akasoma, akasema binamu wa Puebla hana adabu.

Mwaka uliofuata Hermila aliweka mezani picha ileile yenye mkono, akaongeza mkate. Eleuterio hakualikwa. Akajipaka rangi, akapiga nyingine, kubwa zaidi.