Sauti ya Lango la Tatu

Kwa Bogdan Wrona, jambo alilolisikia kwa masikio yake lilikuwa limekwisha, halikuhitaji shahidi. Ndiyo maana wenzake wa chama cha kompyuta za zamani, waliokutana kila Jumamosi mchana kwenye chumba cha chini cha jumba la utamaduni pale mjini Radom, walimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja. Mtu akisema mashine fulani ilikuwa na feni yenye kelele, Bogdan alimsahihisha kelele yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Aprili ile alishikia bango jambo moja tu, lango la tatu. Katika mchezo wa kompyuta wa ngome aliocheza utotoni, ukishawamaliza walinzi, lango la tatu linafunguka, na likifunguka, alisema Bogdan, linatoa sauti ambayo haijapata kusikika kwenye mchezo mwingine wowote. Kwanza mnyororo, halafu mngurumo unaopanda kutoka chini ya ardhi, halafu mwishoni kitu kama kikohozi. Chama kilikuwa kinaandaa maonyesho kwa watu wa mji, na yeye aliahidi mbele ya wote kwamba watalisikia lango. Tangazo lilibandikwa mlangoni likisema hivyohivyo, jina lake likiwa chini.

Tatizo ni kwamba mchezo ulikuwa bubu. Hilo peke yake si ajabu. Michezo ya zamani ilitaka kuambiwa kadi ya sauti, kile kifaa cha ndani kinachotoa sauti, ni ipi na iko kwenye namba gani, na kompyuta za leo hazina kadi hiyo wala namba hizo. Ipo programu inayojifanya kompyuta ya zamani na kuudanganya mchezo kwamba kila kitu kiko mahali pake. Bogdan aliiweka. Akabadili namba, akabadili kadi, akapunguza mwendo, akauongeza. Michezo yake mingine ilipiga kelele mpaka Halina, mkewe, akafunga mlango wa jikoni. Ule wa ngome ukakaa kimya kama maji mtungini.

"Labda hauna la kusema," Halina alimwambia.

"Unalo. Nimelisikia mwenyewe."

"Si umuulize Irek? Mlikuwa mnacheza wote."

Bogdan aliendelea kubadili namba.

Irek alikuwa mdogo wake wa pekee, na hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya baba, miaka sita nyuma. Baba alipolazwa, Bogdan alikuwa Uholanzi akichuma nyanya kwenye mabanda ya vioo. Alisema angekuja wiki inayofuata, na wiki inayofuata ilikuta baba ameshakufa. Kwenye chakula cha baada ya mazishi Irek alimwambia kwamba mzee alikuwa akimuulizia siku zile za mwisho. Bogdan alisimama akamwita mwongo, mbele ya mashangazi na supu yao. Umetunga, alimwambia, umetunga ili yanichome. Yalimchoma kweli, na hadi leo yalikuwa yanamchoma, kwa hiyo aliona ni nafuu yabaki kuwa uongo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya maonyesho, Witek alifika na boksi kwapani. Huyu Witek alikuwa fundi wa televisheni mwenye mdomo usiolala, na kwenye boksi mlikuwa na mchezo ule ule wa ngome, nakala halisi ya dukani, aliyoipata kwa Mjerumani mmoja.

"Haya, mheshimiwa," alisema huku akisukuma sahani ya keki pembeni. "Leo lango linaongea."

Kweli liliongea. Nakala ya Witek ilikuwa na muziki, upepo na mbwa. Wanachama walisogea na glasi zao za chai mkononi. Walinzi walikufa mmoja mmoja, lango la tatu likapanda taratibu, na kwenye spika ikatoka sauti nyembamba, kwiii, ya kabati la vyombo linalotaka mafuta.

Wote wakamtazama Bogdan.

"Siyo hii," alisema.

"Siyo hii vipi? Ndiyo mchezo wenyewe huo!"

"Yangu ilikuwa nyingine. Nipe diski zangu."

Diski zake zilikuwa mbili, za soko la uwanja wa mpira, ambako baba alimnunulia mwaka ule ambao kila mtu alinunua kila kitu pale. Za Witek zilikuwa tano. Witek aliziingiza za Bogdan, akafungua mafaili moja baada ya jingine, akasoma majina yake, na taratibu mzaha ukamtoka usoni.

"Bogdan, hapa hamna faili la sauti hata moja. Wale jamaa wa sokoni walizikata ili mchezo uenee kwenye diski mbili. Hata ungefunga kadi ya dhahabu usingesikia kitu."

"Nimesikia."

"Hamkuwa hata na kadi ya sauti, mzee. Nani alikuwa nayo mtaani kwenu?"

"Nimesikia, Witek! Mnyororo, mngurumo, kikohozi!"

"Basi umetunga," alisema Witek, bila ubaya, akikata kipande cha keki.

Neno hilo lilimpata Bogdan pabaya. Hakuwa ametunga. Alikuwa na sauti ile kichwani kama alivyokuwa na jina lake, na hakuna aliyeko chumbani aliyemwamini, na hakuwa na la kuwaonyesha. Alijua pia ni nani aliyewahi kusimama hivyo mbele yake, na kijiko cha supu mkononi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alitoa simu.

"Unampigia nani?" aliuliza Witek.

"Shahidi."

"Weka spika, tusikie wote. Usije ukatunga tena."

Iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mtu mzima, nzito, ikasema, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Irek, ule mchezo wa ngome. Lango la tatu lilikuwa linalia vipi?"

"Miaka sita, kaka, halafu unaniuliza lango?"

"Nijibu tu. Lilikuwa na sauti au halikuwa?"

"Lile lango? Bubu lile! Kompyuta yote ilikuwa bubu."

Witek aliinua mikono juu kwa ushindi. Bogdan alitaka kukata simu, lakini Irek alikuwa hajamaliza.

"Sauti nilikuwa natoa mimi. Umesahau? Hukuniruhusu kugusa kitufe hata kimoja, eti mkubwa ni wewe. Nilikuwa nakaa nyuma yako juu ya ndoo ya kabichi. Sasa ningefanya kazi gani?"

"Wewe?"

"Mimi. Ngoja."

Simu ikakohoa kidogo, ikavuta pumzi. Kisha kwenye chumba kile cha chini ulisikika mnyororo ukiteremka kwenye meno ya mtu, halafu mngurumo uliotoka tumboni na kupanda, na kupanda, mpaka glasi moja ikatetemeka mezani, na mwisho kikohozi cha mtoto aliyeishiwa pumzi, isipokuwa sasa kilikuwa cha mvuta sigara.

Hakuna aliyecheka. Witek aliweka kisu cha keki chini.

"Ndiyo hiyo," alisema Bogdan. "Ndiyo hiyo hiyo."

"Bado ninayo," alisema Irek. "Kwa heri, basi."

"Ngoja, usikate."

Bogdan alizima spika, akaweka simu sikioni, akaugeukia ukuta. Wenzake walijifanya wanakunja nyaya.

"Irek. Baba aliniulizia kweli?"

Upande wa pili mlango ulifungwa, kama mtu aliyetoka nje ili asisikiwe na watu wake.

"Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango wa wodi. Kila ulipofunguliwa alikuwa anauliza, 'Ni Bogdan?' Akija nesi, 'Ni Bogdan?' Akija mtu wa chakula, 'Ni Bogdan?' Mimi ndiye nilikuwa namjibu."

"Ulikuwa unamjibu nini?"

"Kwamba uko njiani."

Bogdan aliegemeza paji la uso ukutani. Mlango ule hakuwahi kuusikia, wala sauti ya baba akiuliza, na hakuwa na shahidi mwingine zaidi ya huyu.

"Nakuamini," alisema.