Utando Uliogeuzwa Mara Mbili

Jamani, Kiherehere alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kope. Saa tano kasorobo asubuhi, na saa sita kamili zamu yake kwenye mashine ya eksirei inakwisha, wengine wanaingia na sampuli zao. Zamu nyingine? Mwakani! Na Profesa alishamwambia bila kupepesa macho: "Binti, niletee ushahidi leo, au hiyo sura ya tatu naifuta kwenye tasnifu yako."

Kisa chenyewe ni utando wa plastiki inayopitisha umeme, mwembamba kuliko ngozi ya maziwa yaliyopoa, tena mara elfu kadhaa. Kiherehere alikuwa anadai kwamba kwa juu molekuli zake zimekaa shaghalabaghala, ila kwa chini, pale umeme unapopita, zimelala chali kwa adabu. Sasa mashine ile huona uso tu. Ukitaka kuona chini, unauacha utando uelee kwenye bakuli la maji, unaugeuza kwa kuunasa kutoka juu na kibamba kigumu, unaupima. Halafu unauinamisha mbele ya miale. Kilele cha grafu kikipanda na kushuka, zimelala kwa mpangilio. Kikitulia, ni vurugu tupu.

Kipande cha kwanza, cha uso wa juu, kilele kimetulia. Safi, ndivyo alivyotaka. Cha pili, kile kilichogeuzwa, kilele kikatulia vilevile, kama kimepigiliwa misumari.

"Pengine hazijalala, mwanangu," akasema Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu pale. Ndiye fundi wa mashine, na kila mwanafunzi aliyepita alimwita hivyo.

"Mjomba, usinitie nuksi! Zimelala. Nazijua."

"Unazijua? Mlisoma darasa moja?"

Kiherehere hakucheka, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha. Akaivuta karibu picha ya kamera iliyomo ndani ya mashine. Vipande vyake vilikuwa vidogo vya mstatili, kama stempu, na kila kimoja alikikata pembe ya juu kulia, makusudi. Ukikigeuza, mkato unahamia kushoto. Akatazama. Akafikicha macho, akatazama tena. Mikato yote miwili ilikuwa kulia.

"Mjomba! Hiki cha pili hakijageuzwa!"

"Hakijageuzwa vipi, na mimi mwenyewe ndiye nimekigeuza?"

Kiherehere akaiacha picha, akamgeukia.

"Wewe umekigeuza... lini?"

"Si ulipotoka kuongea na mama yako? Kilikuwa bado kibichi kwenye kibamba chake, na daftari lako limeandikwa GEUZA, tiki hakuna. Nikakirudisha majini, nikakugeuzia."

"Lakini nilikuwa nimeshakigeuza!"

Wakatazamana kama wapishi wawili waliotia chumvi sufuria moja.

"Na huko kwenye simu mlikuwa na lipi la maana?" Mjomba akauliza.

"Gauni la dada," akajibu kwa sauti ya panya.

"Gauni!"

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu. Kiherehere akakiachia taratibu majini. Kikajitandaza, kinang'aa zambarau. Akashika kibamba kipya, akakishusha kutoka juu, pumzi kaibana. Papo hapo simu ikaanza kucheza mezani. Mama!

"Usiiguse," Mjomba akanong'ona.

"Mama, nisamehe bure," Kiherehere akaiambia simu, na kibamba kikagusa. Utando ukanasa, mzima, bila hata kunjo. Kabla ya kufuta mikono akapiga tiki kwenye daftari, kubwa, yenye maji.

Dakika ishirini za kunyonya hewa kutoka kwenye mashine alizimaliza kwa kuzunguka kile chumba mpaka Mjomba akamwambia akae, anampa kizunguzungu. Kwenye kamera, mkato ulikuwa kushoto. Miale ikatua wima: kilele kifupi. Wakauinamisha utando mpaka miale ikawa inaukwaruza kwa pembeni, na kilele kikapanda, kikapanda, mpaka Kiherehere akapiga yowe lililomfikia mlinzi getini.

"Zimelala! Mjomba, zimelala chali!"

"Nimeona. Sikio langu limeona pia."

Saa sita kasoro dakika nne grafu ilikuwa kwa Profesa. Jibu likaja na maneno mawili: "Sura ibaki."

Ndipo akampigia mama yake, akamwaga yote kwa pumzi moja.

"Hebu ngoja," mama akamkatiza. "Yaani hukupokea simu yangu kwa sababu ya kugeuza plastiki?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, hongera. Sasa, lile gauni..."

Kiherehere akachungulia daftari. Tiki ipo. "Niambie, mama, niambie!"