Kokoto la Kiatuni

Mama mkwe wangu aliingia ofisini kwetu Jumatatu asubuhi akiwa na bahasha ya kaki iliyovimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akaipita meza yangu bila hata kukohoa, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Mimi ndiye mhariri pekee wa kampuni hiyo ndogo ya uchapaji. Tunachapa vitabu vya nyimbo za kanisa, masomo ya shule ya Jumapili, na kadi za harusi mambo yakiwa magumu. Kwa hiyo lolote lililoingia kwa mkurugenzi lilikuwa halina budi kurudi kwangu, na hili lilirudi baada ya dakika kumi. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu, maana umoja wa wanawake wa kanisa letu ulikuwa umeshaagiza nakala mia tatu kabla yeye hajaona mstari mmoja.

"Tenzi sitini na moja za kutia moyo," akasema. "Kitabu kitabarikiwa kanisani Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama amesema hataki zihaririwe. Zipangwe tu."

"Mama yupi?" nikauliza, na huku namwona.

"Mama yenu."

Mama yetu akanitazama juu ya miwani. "Mkamwana," akasema, "usije ukaniharibia."

Niseme ukweli mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Nina miaka kumi na tisa kwenye ndoa, na yote tumeishi ua mmoja na mama huyu, ukitoa miaka miwili ambayo mume wangu alihamishiwa mji mwingine kikazi. Katika miaka hiyo yote hajapata kunisifu hata kwa bahati mbaya. Nikipika, anakula, anasema ameshiba. Chai yangu ya asubuhi anainywa mpaka tone la mwisho, kisha anasema sukari ilizidi. Nilipomzalia mjukuu wa kwanza alimgeuza huku na huku, akasema ashukuriwe Mungu, amefanana na upande wetu. Nilikuwa najiambia sijali. Nilijali sana. Nilitaka mara moja tu aniambie kwamba kuna jambo nimelifanya vizuri, na bahasha ile niliiona kama nafasi niliyoletewa na Mungu mwenyewe.

Ndani ya bahasha hapakuwa na mswada. Kulikuwa na karatasi za kalenda za ukutani. Mama ni mtu asiyetupa karatasi yenye upande mmoja mweupe, na kwa miaka kumi na miwili, kila mwezi ulipokwisha, alikuwa akiichana karatasi yake na kuandika utenzi nyuma. Utenzi usipoenea kwenye mwezi mmoja, aliuendeleza nyuma ya mwezi mwingine wowote uliokuwa karibu. Namba za kurasa hazikuwepo. Nilipomuuliza, alisema mwandishi anajua kinachofuata nini.

Jioni ya kwanza tulizitandaza kwenye meza yake ya chakula. Kulikuwa na joto. Mama akainuka, akawasha feni. Miaka kumi na miwili ya neema ikaruka, mingine ikaishia chini ya kabati la vyombo, na Agosti moja ikaning'inia kwenye pazia.

"Sasa hiyo kazi yako," akasema, akazima feni.

Nilikaa siku mbili nikiunganisha. Nilifuata rangi ya wino, nikafuata mwandiko, penye shaka nikafuata maana. Kazi ile niliifanya kwa ufundi, acha nijisifu maana hakuna mwingine wa kunisifu. Ubeti mmoja tu ndio ulinisumbua, uliokuwa umebaki peke yake nyuma ya Septemba. Ulizungumzia kitu kilichotoka mguuni na mtu kuchechemea. Basi kwa kuwa utenzi wa kumi na tano ulikuwa wa kumshukuru Mungu kwa jipu la kisigino lililotumbuliwa, niliubandika hapo mwishoni, nikalala usingizi mzuri.

Vita vilikuja kwenye kusahihisha.

"Mama, mstari huu una mizani kumi. Utenzi kila mstari una nane."

"Roho alinipa kumi."

"Na huu una sita."

"Chukua zile mbili zilizozidi kule, zijazie hapa."

"Hapa umeandika Yona alikaa tumboni mwa samaki siku tisa. Biblia inasema tatu."

"Yona wangu alikuwa mkaidi zaidi."

Ikawa ndivyo kwa wiki mbili. Sikuruhusiwa kugusa hata nukta. Nikishika kalamu nyekundu, anashika kifua. Nilikuwa naenda kazini nimechoka, na kazi yenyewe ndiyo hiyo hiyo iliyonichosha nyumbani.

Halafu nikaufikia utenzi wa kumi na nne. Kichwa chake kilikuwa "Kokoto la Kiatuni", na ulianza hivi:

Bwana uliye mbinguni,
Nilikuwa safarini,
Kokoto la kiatuni
Ndiwe uliyenitia.

Likiguswa, lanichoma,
Nikikaa, lasimama,
Nikisali, lakoroma,
Wala halitajutia.

Ulikuwa na beti tisa za namna hiyo, na kila mstari ulikuwa na mizani nane nane, bila kosa. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Yona alimwandika ovyo, lakini mimi aliniandika kwa uangalifu.

Maana nilijua ni mimi. Mwezi wangu wa kwanza ndani ya nyumba ile, kwenye sala ya jioni, mama aliwaombea ndugu wote kwa majina, kisha wagonjwa, kisha wasafiri. Alipowafikia viongozi wa mataifa, nililala, na inasemekana nilikoroma. Usiku ule hakusema neno. Nikadhani yamekwisha. Kumbe mwenzangu aliweka akiba. Na sasa watu mia tatu wangenunua kitabu kilichobarikiwa na kusoma kwamba mimi ni adhabu ya Mungu iliyotiwa kwenye kiatu cha mama mkwe.

Nikautoa. Sikumwambia mtu. Nikapanga tenzi sitini, nikampelekea orodha ya yaliyomo, nikijua kwamba kurasa zenyewe hatazisoma mapema. Alishasema kamati ya kanisa isome kwanza, yeye atasoma mwisho, kwa kuwa yake anayajua.

Mama akaihesabu orodha kwa kidole. "Ziko sitini."

"Kuna mmoja unarudia mawazo, Mama."

"Urudishe."

Nikaurudisha. Kurasa za majaribio zikaenda kwa kamati, nami nikaanza kuhesabu siku za kuaibika.

Wa kwanza alikuwa mume wangu, ambaye mama alimtia kwenye kamati ili awe macho yake. Tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Umeusoma wa kumi na nne?"

Nikakaza moyo. "Nimeusoma."

"Mama amenianika." Machozi yalikuwa yakimlengalenga, jitu zima la miaka arobaini na sita. "Nalala kwenye sala zake tangu darasa la nne. Sikujua anaumia kiasi hicho."

Utafikiri nilifarijika. Wala. Niliudhika. Nimeteseka na kokoto lile wiki nzima, halafu mtu anakuja kulidai ni lake.

Kesho yake akapiga simu wifi yangu, analia, anauliza kama mama angekubali jina lake lisitajwe. Nikamwambia halijatajwa. Akasema wenye akili wataelewa tu. Mchana akaja ofisini mzee wa kanisa, yule anayekaa benchi la mbele na kulala kabla mahubiri hayajaanza. Alikaa kwenye kiti cha wageni akiwa ameshika kofia mapajani.

"Mama Mhariri," akasema, "hilo neno 'lakoroma' ni la lazima? Haiwezi ikawa, kwa mfano, 'latafakari'?"

"Mizani itazidi, mzee."

Akaitikia kwa kichwa kwa huzuni kubwa. Hata mwalimu wa kwaya alileta ujumbe kwamba yeye hakoromi, ana tatizo la pua. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na mwaka huo kanisa zima lilikuwa linajikagua nguo.

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya kitabu kwenda mitamboni, nilipeleka kurasa kwa mama azisome mara ya mwisho. Nilikuta sebule yake imejaa. Palikuwa na ngazi imeegemezwa ukutani. Palikuwa na sufuria kubwa yenye mfuniko mpya, mwavuli, na pasi ya umeme.

"Watu wamenirudishia vitu vyangu," akasema. "Hiyo ngazi mzee wa kanisa alikaa nayo miaka sita. Nimeshanunua nyingine. Kila anayekuja anatubu, anauliza kama kokoto ni yeye. Nawaambia si nyinyi. Wengine wanaondoka wamenuna."

Nilikuwa nimejiapiza sitauliza.

"Sasa kokoto ni nani, Mama?"

"Ni wewe," akasema, huku anafuta miwani kwa kanga. "Ulidhani nani?"

Nililijua jambo lile kwa zaidi ya wiki, na bado liliniuma kama jipya. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba nimemchapia kitabu chake, nimemwokotea karatasi zake chini ya makabati, nimemvumilia na Yona wake, na kama baada ya miaka kumi na tisa mimi bado ni mchanga wa kiatuni, basi angeniambia uso kwa uso na si kuniweka mbele ya nakala mia tatu.

Mama alikuwa ameshavaa miwani, anasoma. Alisoma utenzi wa kumi na nne mpaka chini, akafunua ukurasa, akaurudisha.

"Mwisho uko wapi?"

"Huo ndio mwisho."

"Huo ni mwisho wako. Wangu uko wapi?"

Akaendelea mbele mpaka kwenye jipu. Hapo akasimama, kisha akageuza ukurasa kuelekea kwangu na kugonga ubeti wa chini kwa ukucha.

"Nani kakuambia jipu lilinichechemesha? Siku lilipotumbuliwa nilitoka zahanati kwa miguu yangu mpaka sokoni. Jipu umelipa ubeti usio wake."

Nikausoma tena ubeti ule niliouchapa kwa mkono wangu:

Lilipotoka mguuni,
Nikadhani ni amani,
Hatua tatu njiani
Nikawa nachechemea.

"Niletee bahasha," akasema.

Akachambua zile kalenda, akatoa Septemba, akaiweka mezani upande wa tarehe. Mimi karatasi zile nilikuwa nimezisoma nyuma tu. Nani anahangaika na tarehe za miaka iliyopita? Ilikuwa Septemba ya mwaka ule mume wangu alipohamishwa. Kwenye kisanduku cha tarehe tisa mama alikuwa ameandika kwa kalamu: Wamehama. Tarehe kumi: Chai imebaki. Kumi na moja: Chai imebaki. Kumi na mbili: Nimepika nusu, imebaki. Iliendelea hivyo mpaka tarehe thelathini.

Nilikaa nimeitazama Septemba, na moyoni nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, sijui ipi ilikuwa kubwa. Mama alijifanya anashughulika na mfuniko wa sufuria. Mwishowe nikasema jambo pekee ambalo ningeweza kulisema bila kulia.

"Mstari wa kwanza una mizani tisa, Mama."

Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena kwa mkono mwingine, labda mkono wa kwanza umemdanganya.

"Tisa," akakubali. Hajapata kukubali jambo tangu nimjue. "Basi rekebisha. Wewe si ndiye fundi."

Kisha akaniambia nikachemshe chai, na nisizidishe sukari.

Alhamisi asubuhi niliuhamisha ubeti ukarudi mwisho wa utenzi wa kumi na nne, kurasa nyingine nikaziacha na Yona wa mama. Mpangaji wa kurasa, kijana makini, alinifuata hadi mezani kuniambia utenzi wa kumi na nne una mstari mmoja uliozidi mizani, na kwamba "likatoka" ingekaa sawa kuliko "lilipotoka". Nikamwambia najua, nina ruhusa ya mwandishi ya kuubadilisha, na auache hivyo hivyo.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mchungaji alikibariki kitabu, mama akaombwa asome utenzi mmoja. Sikuhitaji kuuliza upi. Alisoma beti tisa za mateso yangu kwa sauti kubwa, na watu wakanyanyua shingo kutafutana. Mume wangu alitazama viatu vyake. Kwenye benchi la mbele mzee wa kanisa alikuwa ameshalala. Kisha mama akaufikia ubeti wa mwisho, ulimi ukajikwaa kidogo kwenye ule mstari wa kwanza. Akanitafuta kwa macho juu ya miwani mpaka akanipata, akaurudia mstari wote taratibu, mizani zote tisa, akaendelea.