Fremu Mbili za Pranlal na Mbuzi wa Nyongeza

Mtu aliyelelewa katika shule ya bweni, akafundishwa kutandika shuka bila mkunjo na kutotoa ahadi asiyoweza kuitimiza, hakupaswa kuropoka hadharani. Hata hivyo Masalu, karani wa mizigo katika bandari kavu ya Isaka, aliropoka. Ilikuwa sikukuu ya Nane Nane ya mwaka 1997, mjini Shinyanga, na jasho lilikuwa halijamkauka. Ngassa wa Kahama alikuwa amemtangulia kwenye mstari wa mwisho wa mashindano ya baiskeli, kama alivyomtangulia mwaka uliopita. Ngassa huyu alikuwa binamu ya Apolonia, mkewe Masalu, na kwa hiyo aliona utani kuwa haki yake ya kuzaliwa. Alimrushia Masalu taulo na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabanda ya ng'ombe wa maonyesho:

"Jifute vumbi langu, shemeji!"

"Mwakani ukinitangulia tena," Masalu akajibu, "naifunga baiskeli yangu keria, nabebea mahindi kwenda mashineni, na mashindano nayaacha kwa maisha yangu yote."

Watu wakashangilia. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Apolonia, kwa kuwa mashine ya kusaga ilikuwa mbali na nyumbani kwao, na gunia siku zote lilikuwa kichwani pake.

Neno lilikwisha kutoka, na Masalu hakuwa mtu wa kulirudisha neno kinywani. Mwaka ule mvua kubwa zikanyesha, barabara zikachimbika makorongo, na changarawe ikabaki na vijituta vya kusaga meno ya mpanda baiskeli. Masalu alifanya mazoezi kila alfajiri juu ya baiskeli yake ya chuma, akarudi nyumbani mikono ikitetemeka hata kikombe cha uji kikimwagika.

Mwezi wa saba Pranlal akawaita Masalu na Ngassa. Pranlal alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli mjini Shinyanga, duka la baba yake na babu yake, na ndiye aliyeyadhamini mashindano. Mpwa wake Sunil, anayeishi Uingereza, alikuwa amemletea fremu mbili nyeusi za baiskeli za mbio, zilizotengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Moja ilikuwa ndefu, nyingine fupi.

"Moja ya mshindi wa kwanza wa mwaka jana, moja ya wa pili," alisema Pranlal. "Vifuani mtaandika jina la duka langu. Lakini wa pili ndiye achague kwanza. Wa kwanza Mungu amekwisha kumpa miguu."

Masalu hakwenda kuchagua peke yake. Alimchukua mjomba wake Bujiku, mzee ambaye ukoo mzima ulimtuma kukagua ng'ombe wa mahari kila binti alipoposwa. Hapakuwa na ng'ombe aliyepita mbele ya macho ya Bujiku bila kutolewa kasoro.

Bujiku aliweka fimbo yake mlangoni, akazizunguka zile fremu mara kadhaa, mikono nyuma. Kisha akaigonga ile ndefu kwa kifundo cha kidole.

"Huyu halii," akasema. "Chuma hulia. Huyu amenyamaza kama kibuyu cha maziwa."

"Si chuma, mzee," alisema Pranlal.

Bujiku akainyanyua kwa kidole kimoja, uso ukamkunjamana. "Tena mwepesi! Ng'ombe mwepesi ni mgonjwa."

"Mzee, hii si ng'ombe. Ni nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimesukwa pamoja na kugandishwa kwa gundi. Wepesi ndio uzuri wake. Barabara ikitikisika, fremu inameza mtikisiko, mpandaji hachoki."

"Nyuzi? Unataka mwanangu apande kitambaa?"

"Ninyi si wakulima wa pamba?" aliuliza Pranlal. "Kamba ya pamba, ikisukwa vizuri, haifungi fahali?"

Bujiku alifikiri. "Inafunga."

"Basi."

Wateja wakacheka, na Bujiku mwenyewe akacheka, kwa kuwa mtu wa haki hukubali anapojibiwa vizuri.

"Sasa Baba Serafina," Pranlal akamwambia Masalu, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "sikia neno la mfanyabiashara asiyekuuzia kitu. Fremu ni kama kiatu. Usitazame ipi kubwa. Simama juu yake, uone ipi yako."

Masalu, mtu wa kimo cha wastani mwenye miguu na mikono mifupi, akaishika ile fupi na kuanza kuvusha mguu. Aliona mara moja kwamba ilimfaa. Lakini hapo mlangoni palikuwa pamejaa mtu mmoja mrefu kama nguzo ya simu, naye alikuwa Ngassa.

"Hiyo hiyo ya kike, shemeji!" alipaza sauti. "Dada yangu atakuazima, akishatoka nayo kisimani!"

Duka zima likaangua kicheko. Masalu akaiachia ile fremu kama sufuria iliyotoka motoni.

"Na nani," Bujiku akauliza, akiwageukia wateja kana kwamba ni wazee wa upande wa bwana harusi, "nani aliyepata kuona mtu anaacha fahali zizini na kuswaga ndama?"

"Hakuna!" wakajibu.

Masalu akanyoosha kidole kuelekea ile ndefu. Bujiku akatoa mfukoni kipande cha kamba ya katani, akaifunga kwenye bomba lake la mbele, akatamka maneno aliyoyatamka kila mahali alipopokea mifugo: "Amefungwa kamba. Aliyefungwa kamba harudi zizini. Atakayetaka kubadilishana, aombe yeye kwa kinywa chake, na aongeze mbuzi."

Ngassa akaichukua ile fupi, akacheka. Pranlal alitazama dari.

Fundi wa Pranlal alizivalisha fremu hizo magurudumu, cheni na usukani, na Masalu akarudi Isaka juu ya ile ndefu. Kilomita za kwanza zilikuwa raha tupu. Vijituta vilivyokuwa vikimtetemesha mifupa sasa vilimfikia kama habari ya msiba wa mbali. Baiskeli iliruka mbele kila alipokanyaga. Akaimba. Lakini baadaye kidogo akagundua kwamba anakanyaga pedali kwa ncha za vidole, ingawa kiti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho. Kuufikia usukani ilimpasa alale kifudifudi kama ngozi iliyowambwa juani, na penye kona ya Tinde nusura aingie mtaroni.

Akajiambia kwamba atazoea. Alizoea nini? Wiki zilipita, mabega yakavimba, kiuno kikakaza. Jioni moja Apolonia alimwona akiingia uani.

"Baba Serafina, unaendesha au unaogelea?"

"Ni baiskeli ya kisasa. Ndivyo inavyopandwa."

Apolonia alikuwa akipepeta mahindi. Hakuuacha ungo.

"Unakumbuka siku uliyokuja kwetu kujitambulisha? Ulivaa koti la kaka yako. Mikono ilikuwa imekufunika vidole, ukashindwa kushika hata kikombe."

"Nakumbuka."

"Shangazi zangu wakasema, mtu gani huyu asiye na mikono. Halafu ukasimama, ukalivua, ukalikunja vizuri, ukabaki na shati lenye kiraka. Ndipo nikasema, huyo nitakwenda naye." Akarusha makapi hewani. "Koti lilikuwa zuri, lakini."

Masalu alikwenda kuoga, akakaa bafuni muda mrefu kuliko maji yaliyokuwa kwenye ndoo.

Jumapili iliyofuata, siku chache kabla ya Nane Nane, alikuwa mazoezini karibu na Isaka. Treni ya mizigo ya kwenda Mwanza ikamzuia penye njia panda ya reli. Akatua chini kwa shida, kama mtu anayeshuka kutoka juu ya paa. Alipogeuka, alimwona Ngassa akija kutoka upande wa Kahama juu ya ile fremu fupi, magoti yakipanda karibu na masikio, mgongo umepinda kama ndoano. Ngassa alijitahidi kujinyoosha alipoona anatazamwa.

"Vipi hiyo, shemeji?" aliuliza Ngassa.

"Safi sana. Na hiyo?"

"Safi mno."

Mabehewa yakapita, moja baada ya jingine, yakigonga maungio ya reli. Masalu alijua sasa kinachomfunga mwenzake mdomo, kwa kuwa kilikuwa kikimfunga na yeye. Atakayeomba kwanza ataongeza mbuzi, na habari ya mbuzi huyo itasimuliwa kuanzia Kishapu hadi Geita. Akaitazama ile kamba ya katani iliyokuwa bado kwenye bomba. Kisha akawaza kwamba kosa lenyewe halikuwa la Bujiku wala la kamba. Mikono ya koti ilikuwa imemfunika vidole tena, na safari hii alilivaa mwenyewe kwa kuogopa kicheko.

Behewa la mwisho likapita.

"Shemeji," alisema Masalu, "fremu hii si yangu. Niliichagua kwa kiburi. Naomba tubadilishane."

"Unaomba?"

"Naomba."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu. Na mbuzi juu."

Ngassa akaiweka baiskeli chini, akakaa kwenye changarawe ya reli, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Shemeji, wiki tatu nasali useme hivyo! Magoti yamegonga usukani mpaka yameota sugu!"

"Sasa mbona hukuomba wewe?"

"Mbuzi, bwana! Mbuzi!"

Masalu akaifungua ile kamba ya katani, akaitia mfukoni. Wakabadilishana palepale, wakapandisha kiti kimoja na kushusha kingine kwa spana ya Ngassa. Masalu alipokaa juu ya ile fupi, miguu ilifika, mikono ilifika, na pumzi ikashuka mpaka tumboni.

Nane Nane ikawadia. Wapanda baiskeli walianzia Kahama, na walipofika Isaka watu wa bandari kavu walikuwa wamepanda juu ya malori, wakiita jina la karani wao. Baada ya Tinde walibaki wawili mbele. Ngassa alinyoosha miguu yake mirefu kama twiga aliyefunguliwa, na kila alipochomoka Masalu alimfuata, mgongo umelala, kaboni ikimeza mashimo yote. Mjini Shinyanga umati ulifunga barabara pande zote mbili. Pranlal alikuwa amesimama juu ya kiti cha dukani kwake, akipunga kitambaa. Masalu aliinamisha kichwa na kukanyaga kwa uzito wa miaka yote miwili. Alipita mstari akiwa mbele kwa nusu ya gurudumu.

"Ndama!" Bujiku alisikika akipiga kelele, fimbo juu. "Ndama wangu huyo! Nilisema tangu mwanzo!"

Masalu akaomba taulo. Alikuwa ametunza sentensi moja kwa mwaka mzima, na mtu mwenye msimamo hatupi akiba yake.

"Jifute vumbi langu, shemeji!"

"Lilete," alisema Ngassa, akihema na kucheka. "Nitajifutia nalo mafuta ya mbuzi wangu."

Mbuzi alichinjwa Isaka siku iliyofuata, na aliyekula zaidi ni Bujiku, kwa haki ya ukaguzi.

Asubuhi ya pili Masalu alilikuta gunia la mahindi limesimama mlangoni.

"Mama Serafina, nilishinda."

"Ulishinda, hongera sana. Mahindi hayajasikia."

"Fremu ya kaboni haifungwi keria."

"Najua," alisema Apolonia, na akaitoa nyuma ya nyumba ile baiskeli ya zamani ya chuma, tayari imekwisha kufungwa keria na imefutwa vumbi.

Masalu aliitazama, akamtazama mkewe, akacheka. Akalifunga gunia kwa ile kamba ya katani ya Bujiku, akapanda. Hakuwa amefika mbali alipojikuta ameinamia usukani, gunia likimtikisika nyuma, akimkimbiza muuza mkaa mmoja ambaye hakujua kabisa kwamba anashindana.