Stoo Yenye Dirisha

Baba alinichagua mimi nichore nyumba mpya kwa sababu, alisema, katika familia nzima ni mimi peke yangu nisiyetaka kitu.

Nikanyamaza, kama kawaida yangu. Watu wananisifia ukimya huu tangu nikiwa mdogo. Wanasema nina subira, nina busara, sijui nina nini. Ukweli ni kwamba ninaponyamaza huwa napiga hesabu, na hesabu yangu ya miaka yote ilikuwa moja tu: chumba changu mwenyewe, chenye mlango unaofungwa. Tangu nilipoachishwa ziwa nalala kitanda kimoja na bibi, na sasa mimi ni mtu mzima, watoto wa kaka wananiita shangazi.

Kabla yangu kazi hiyo alipewa kaka. Alichora kwenye karatasi, kwa rula, kazi safi kabisa. Mama aliigeuza ile karatasi juu chini akauliza kwa nini jiko limewekwa uvunguni. Baba akaona sebule ni kama ya kuku. Wifi, mke wa kaka, akagundua kuwa chumba chao kinapakana na cha mama, ukuta kwa ukuta. Akasema yeye hana neno, halafu akaenda kuosha vyombo kwa kelele ambazo mpaka leo masikio yangu hayajazisahau. Karatasi ikaishia kuwashia moto.

Mimi nikaja na njia yangu. Nikasema karatasi inadanganya. Tuichore nyumba chini, kwa ukubwa wake wa kweli, kwenye kiwanja chenyewe, hapa nyuma ya nyumba tunayokaa. Nikatoboa kopo la maziwa matundu, nikalijaza majivu ya jikoni, nikawa narudi kinyumenyume huku namwaga mistari. Kila chumba nilikipima kwa vitu vya wenyewe. Kama ni cha baba na mama, kitanda chao kinatolewa nje, kabati linatolewa, vinapangwa, kisha mimi nazungusha majivu. Ubishi hakuna. Kitanda kimeingia au hakijaingia?

Jua halijawa kali, vyombo vyetu vyote vilikuwa nje. Jirani yetu akaja mbio na uso wa msiba.

"Poleni jamani! Wamewafukuza lini?"

"Nani kafukuzwa?" mama akamjibu, amekaa juu ya kitanda chake katikati ya kiwanja. "Mimi niko chumbani kwangu. Na wewe umepita ukutani, shoga. Hebu rudi uingilie mlangoni."

Jirani akarudi, akaingilia mlangoni. Hapo ndipo nilipoamini kuwa nina kipaji.

Sasa niwaeleze ujanja wangu, mnicheke mapema. Pembeni kabisa, baada ya chumba cha bibi, kilibaki kipande. Nikakizungushia majivu, nikaacha nafasi ya mlango, na upande wa barabara nikaacha nafasi ya dirisha. Kaka akauliza, "Na hiki nini?"

Ningesema ni chumba changu, ningefunguliwa kesi. Bibi atalala na nani? Akitaka maji nani atampa? Na msichana anayetaka kujifungia, anaficha nini huko ndani? Nikaona nipite njia ya panya.

"Stoo," nikasema.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Nilijipongeza mpaka shingo ikarefuka. Mpango ulikuwa kwamba nyumba ikiisha, nianze kwa kuweka mkeka humo, baadaye mto, baadaye kioo, nihamie taratibu kama vumbi linavyohamia juu ya kabati. Siku watakayoshtuka, mimi mwenyeji.

Nilichosahau ni kwamba hakuna anayekitamani chumba cha mwenzake, lakini stoo kila mtu anaitaka. Hata majivu hayajatulia, wifi alishasema magunia yake ya mahindi yamepata pa kukaa. Mama akaleta habari za masufuria makubwa ya shughuli. Kaka akakumbuka matairi. Baba akasema kona ya kushoto ni ya baiskeli yake, ile mbovu anayosema ataitengeneza tangu mimi sijui kusoma. Bibi peke yake hakuomba nafasi. Alipita na mkongojo wake, akasimama pale nilipoacha dirisha, akanitazama, akaenda zake.

Kesho yake vyombo vikatolewa tena nje, fundi akaja na kamba, vigingi na tofali moja. Akazunguka nyumba yangu yote, kisha akalilaza lile tofali juu ya mstari.

"Dada, mstari huu ndio ukuta?"

"Ndiyo."

"Una unene gani?"

Nikautazama ukuta wangu. Ulikuwa na unene wa majivu.

Mimi nimeishia shule ya msingi, na huko nilifundishwa kuwa eneo ni urefu mara upana. Nililishika vizuri, nilikuwa nanyoosha mkono kabla ya wenzangu. Sikumbuki mwalimu aliyeniambia kuwa ukuta nao unakula. Fundi alipovuta kamba, kila ukuta ulitaka tofali lake, na plasta huku, na plasta kule, nyumba ikawa inavimba kama maandazi, mpaka kigingi cha mwisho kikaangukia ndani ya uzio wa jirani.

"Kumbe atakayefukuzwa ni yeye!" kaka akasema, akacheka mpaka akadondokea kwenye kochi la baba.

"Chumba kimoja kitoke," fundi akasema. "Mzee, mimi nashauri hii stoo."

"Stoo haitoki!" wifi akaruka. "Magunia nilale nayo kitandani?"

"Na masufuria yangu je?" akauliza mama.

"Fundi, tafuta kingine," akasema baba. "Stoo ndiyo nyumba."

Mama na wifi walikuwa upande mmoja! Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Familia yangu yote ilisimama kukipigania chumba changu kama simba, nami nikasimama katikati nikiona kuwa washinde wasishinde, mimi nimekwisha. Stoo ikitoka, sina chumba. Ikibaki, nina magunia.

"Siyo stoo," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, haikumfikia mtu. Ndiyo faida ya kujizoesha ukimya. Nikarudia, safari hii kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, hata kuku wakakimbia: "Siyo stoo! Ni chumba changu!"

Wote wakanigeukia. Fundi akajifanya anakunja kamba.

"Chumba chako cha nini?" mama akauliza.

"Cha kulala."

"Na bibi yako?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari kwa miaka, lina heshima ndani yake na machozi kidogo mwishoni. Sijafungua hata mdomo, bibi akanitangulia.

"Mwacheni ahame! Mbavu zangu zimechoka mateke."

"Mimi, bibi? Mimi napiga mateke?"

"Mateke ni nafuu. Unavyoongea usingizini! Mchana kutwa kama bubu, ukilala unahutubia. Juzi umenihoji ndoo nimeipeleka wapi. Nikakujibu, ukanibishia."

Walicheka mpaka fundi naye akaiachia kamba. Miaka yote nimejihesabia thawabu za kumvumilia bibi, kumbe na yeye anajihesabia zake kwa kunivumilia mimi.

"Sasa mbona hukusema, bibi?"

"Na wewe mbona hukusema? Mimi nilijua tangu nilipoona dirisha. Magunia yanataka kuchungulia barabara? Mficha uchi hazai, mjukuu wangu."

"Sawa," fundi akasema, akijifuta macho. "Lakini nyumba bado haitoshi."

Nilijua pa kukata. Nilijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu sebule ya baba niliichora pana makusudi, aifurahie, asiangalie pengine. Sasa ule ukarimu wangu ulikuwa umeniketia mbele, na baba ndani yake, mguu juu ya mguu.

"Baba," nikasema, "sebule ipungue."

"Wageni watakaa wapi?"

"Wageni gani?" akauliza bibi.

"Mama, tafadhali, naongea na mwanangu." Baba akamgeukia bibi, mama yake, kisha akanitazama kama mtu aliyeuziwa redio mbovu, ghafla ikaanza kuongea. "Mimi nilikuchagua kwa sababu hutaki kitu."

"Nataka, baba. Sikusema tu."

"Unataka kiasi gani?"

Ulimi ulikwishaanza kusema "kidogo tu", kwa mazoea. Nikaumeza. Nikaenda kwenye kochi lake la pili, lile dogo lisilokaliwa na mtu, nikaliinua mwenyewe, nikalisogeza, nikasimama pale lilipokuwa. "Mpaka hapa."

Baba alilitazama kochi, akanitazama mimi, akainuka taratibu. Akaufuta ule mstari wa majivu wa sebule yake kwa kiatu chake.

"Na baiskeli yangu?"

"Itengenezwe, baba."

Mama alikohoa ghafla na kugeukia upande wa pili. Fundi hakungoja watu wabadili mawazo. Akavuta kamba, akagonga vigingi, kisha akaniita. "Haya dada. Mlango wako ufungukie ndani au nje?"

"Ndani ni bora," wifi akadakia.

"Nje," akasema mama. "Ndani atapumulia wapi?"

"Namuuliza mwenye chumba," fundi akasema.

Mlango ule nilikuwa nimeuota mpaka kitasa chake, na jinsi komeo litakavyolia. Katika ndoto zangu zote ulikuwa unafungwa. Haikunijia hata mara moja kuwa utatakiwa kufunguka.

"Ndani," nikabahatisha.

"Utagonga kitanda."

"Basi nje."

"Nje utampiga yeyote aliyesimama kwenye korido."

Nikaitazama korido. Kaka, wifi, mama, baba na bibi walikuwa wamejipanga humo humo, shingo zimenyooka, wanasubiri nitajibu nini.

"Nje," nikasema. "Watajifunza kupiga hodi."